Kupunguza madhara ya simiti, kuanzia timboni hadi kwenye mjengo

Sehemu kubwa ya Kaunti ya Kilifi imekaa juu ya jiwe la chokaa. Kuanzia Mtwapa hadi Watamu, ukichimba shimo la choo tu unakutana na jiwe la matumbawe. Ukipanda bara kuelekea Kambe na Ribe, unakuta vilima vya mawe ya chokaa ya kale zaidi, ambayo wanajiolojia wameyapa jina la Kambe. Jiwe hilo ndilo malighafi kuu ya saruji, au simiti kama wengi wetu tunavyoiita.

Kwa hiyo simiti inatugusa mara mbili. Sisi ni wanunuzi wake tunapojenga, na pia ni majirani wa machimbo na viwanda vinavyoitengeneza. Katika somo hili tunaeleza simiti hutengenezwaje, kwa nini inachafua mazingira, viwanda vinaweza kufanya nini, na mkazi wa kawaida anaweza kufanya nini. Jambo kuu la kushika ni hili: uchafuzi mwingi wa simiti hautoki kwenye moto peke yake, bali ndani ya jiwe lenyewe. Ukilielewa hilo, utajua pia kwa nini kila mfuko unaookolewa una maana.

JIWE LINAPOCHOMWA

Wazee wa pwani walijua kuchoma chokaa karne nyingi kabla ya viwanda. Walipanga magogo, wakaweka matumbawe juu yake na kuwasha moto. Jiwe gumu lilitoka likiwa jepesi na jeupe, na likitiwa maji linakuwa chokaa ya kujengea. Kuta za mji wa kale wa Gedi, ambao mwaka 2024 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, zilijengwa kwa matumbawe na chokaa ya aina hiyo.

Kwa nini jiwe lilitoka jepesi? Kwa sababu sehemu yake iligeuka hewa. Jiwe la chokaa limefunga ndani yake gesi ya kaboni, na moto unapofika nyuzijoto 900 hivi za selsiasi, gesi hiyo huachiliwa. Ukichoma kilo 100 za jiwe safi la chokaa, unabaki na kilo 56 za chokaa. Kilo 44 zimepanda angani.

Kiwanda cha simiti hufanya kazi hiyohiyo kwa kiwango kikubwa. Jiwe la chokaa husagwa pamoja na udongo wa mfinyanzi na madini kidogo ya chuma, kisha huchomwa katika tanuri refu linalozunguka, kwa joto la nyuzi 1,450 hivi. Kinachotoka ni vidonge vigumu vya rangi ya kijivu vinavyoitwa klinka. Klinka husagwa na jasi kidogo, na hiyo ndiyo simiti tunayonunua kwenye mfuko wa kilo 50.

Gesi ya kaboni ni mojawapo ya gesi zinazoifunika dunia na kuzuia joto lisitoke, na ndiyo chanzo kikubwa cha mabadiliko ya tabianchi. Dunia hutengeneza takriban tani bilioni 4 za simiti kila mwaka, na kazi hiyo huchangia kati ya asilimia 7 na 8 ya gesi ya kaboni inayotokana na shughuli za binadamu. Katika gesi inayotoka kwenye utengenezaji wa simiti, takriban asilimia 60 hutoka kwenye jiwe. Iliyobaki hutoka kwenye makaa ya mawe na mafuta ya kuwashia tanuri, na kwenye umeme wa kusagia.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Kiwanda kinaweza kubadilisha kuni, makaa au umeme, lakini hakiwezi kulichoma jiwe la chokaa bila jiwe hilo kutoa gesi yake. Njia ya uhakika zaidi ni kutumia klinka kidogo.

VIWANDA VINAWEZA KUFANYA NINI?

Zipo njia nne kubwa.

Ya kwanza ni kupunguza klinka katika kila mfuko. Nafasi yake hujazwa na vitu vingine vinavyoshika vizuri, vikiwemo majivu na mawe laini ya volkano, ambayo kwa jina la kitaalamu huitwa pozolana. Waroma wa kale walichanganya majivu ya volkano na chokaa, na majengo yao kadhaa yamesimama hadi leo. Kenya ina bahati ya kuwa na mawe ya volkano kwa wingi katika Bonde la Ufa na maeneo ya jirani. Simiti yenye pozolana imetengenezwa nchini kwa miaka mingi.

Njia mpya zaidi ni kutumia udongo wa mfinyanzi uliochomwa pamoja na jiwe la chokaa lililosagwa bila kuchomwa. Udongo huo huhitaji joto la nyuzi 700 hadi 850 tu, na wenyewe hautoi gesi nyingi kama jiwe la chokaa. Katika mchanganyiko huu, klinka inaweza kushuka hadi nusu ya simiti yote, na gesi ya kaboni ikapungua kwa asilimia 30 hadi 40 ikilinganishwa na simiti ya kawaida.

Ya pili ni kubadilisha kinachochomwa. Mabaki ya mashambani kama maganda ya kahawa na ya mpunga yanaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya makaa ya mawe. Kiwanda cha Hima, magharibi mwa Uganda, kimetumia maganda ya kahawa kwa njia hiyo. Magurudumu makuukuu na mafuta machafu pia huchomwa katika baadhi ya matanuri duniani, kwa kuwa joto lake ni kali mno na moshi hupitia kwenye vichujio. Hili lisichukuliwe kuwa ruhusa ya kuchoma magurudumu uwanjani. Moto wa nyumbani haufikii joto hilo, na moshi wake una sumu.

Ya tatu ni kutumia joto vizuri. Tanuri za zamani zilichoma malighafi ikiwa tope, na moto mwingi uliishia kukausha maji. Tanuri za kisasa huchoma unga mkavu, na hewa moto inayotoka hutumiwa kupasha unga unaoingia. Viwanda vingine huitumia hewa hiyo kuzalisha umeme.

Ya nne ni kuinasa gesi kabla haijatoka. Mwaka 2025, kiwanda cha Brevik nchini Norwe kilizinduliwa kikiwa na mitambo ya kunasa tani 400,000 za gesi ya kaboni kwa mwaka, ambazo ni karibu nusu ya gesi yake yote. Gesi hiyo husafirishwa kwa meli na kuzikwa chini ya sakafu ya bahari. Mitambo hiyo inaonyesha kuwa jambo hili linawezekana, ila gharama yake ni kubwa mno na serikali ya nchi hiyo iligharamia sehemu kubwa. Kwetu, njia ya kwanza ndiyo iliyo karibu zaidi na rahisi zaidi.

JIFUNZE KUSOMA MFUKO

Simiti inayouzwa Kenya hupimwa kwa kiwango cha KS EAS 18-1, na mfuko hubeba maandishi ambayo wengi wetu hatuyasomi. Tuyaangalie.

Kwanza kuna herufi CEM zikifuatwa na namba za Kirumi. Hizo zinaeleza kilichomo:

• CEM I: klinka ni asilimia 95 au zaidi ukiondoa jasi.
• CEM II: klinka ni kati ya asilimia 65 na 94.
• CEM IV: ni simiti ya pozolana. Aina ya IV/A ina klinka ya asilimia 65 hadi 89, na IV/B ina asilimia 45 hadi 64.

Kisha kuna namba kama 32.5 au 42.5. Hiyo ni nguvu ambayo simiti inapaswa kufikia baada ya siku 28. Herufi N inamaanisha inashika kwa mwendo wa kawaida, na R inamaanisha inashika haraka.

Tufanye hesabu. Tani moja ya klinka hutoa zaidi ya kilo 500 za gesi ya kaboni kutoka kwenye jiwe pekee, bila kuhesabu moto. Mfuko wa kilo 50 wa CEM I una klinka ya kilo 47 hivi, kwa hiyo jiwe lake lilitoa takriban kilo 24 za gesi. Mfuko wa pozolana wenye klinka ya kilo 30 ulitoa takriban kilo 15. Tofauti ni kilo 9 kwa kila mfuko. Kwa nyumba inayotumia mifuko 200, tofauti hiyo ni kilo 1,800, yaani karibu tani 2.

Je, hii ina maana kwamba tutumie simiti ya pozolana kila mahali? La. Kila kazi ina simiti yake. Kwa kufyatua matofali, kujenga ukuta na kupiga plasta, 32.5 inatosha. Kwa nguzo, bimu na slabu, fuata maelezo ya mhandisi, ambaye mara nyingi atataka 42.5. Usimbishie ili kuokoa shilingi chache, kwa kuwa hapo ndipo maisha ya watu yalipo. Kosa linaloonekana sana ni la upande wa pili, pale mtu anaponunua simiti kali na ya bei ghali ili apige plasta. Hapo anapoteza pesa na klinka bila kupata faida yoyote.

Wakazi wa karibu na bahari wana sababu nyingine ya kuijua simiti ya pozolana. Ikikorogwa na kutunzwa vizuri, huhimili chumvi kuliko simiti ya kawaida. Sharti lake ni subira: hushika polepole, kwa hiyo imwagiliwe maji kwa siku zaidi, na mbao za kushikilia slabu zisiondolewe mapema.

KWENYE MJENGO: MFUKO USIOPOTEA

Simiti iliyo rafiki zaidi wa mazingira ni ile ambayo haikuhitaji kutengenezwa. Nyumba inayobomolewa au kukarabatiwa baada ya miaka 10 kwa sababu slabu imepasuka imetumia simiti mara mbili. Zungumza na fundi wako kuhusu mambo haya sita:

1. Maji. Fundi akiona mchanganyiko ni mgumu kukoroga, huongeza maji. Maji yakizidi, zege hubaki na vitundu vidogo na nguvu hupungua. Lita 25 hivi kwa mfuko wa kilo 50 ni kipimo kizuri cha kuanzia kwa zege, na kama mchanga umelowa, maji yapunguzwe.

2. Kipimo. Tumia ndoo au boksi la kupimia. Ukipima kwa beleshi, leo litajaa na kesho litakuwa nusu.

3. Mchanga na maji ya bahari. Usitumie mchanga wa ufuoni wala maji ya chumvi kwa zege lenye vyuma. Chumvi hula chuma, chuma kilicholika huvimba, na zege hupasuka kutoka ndani. Slabu nyingi za pwani zinazomomonyoka zimeugua ugonjwa huu. Isitoshe, kuchota mchanga ufuoni hufungua njia kwa mawimbi kula ardhi.

4. Kumwagilia. Zege halikauki kama nguo. Linashika kwa kutumia maji. Lifunike kwa magunia au karatasi ya plastiki na ulimwagilie kwa siku zisizopungua 7, na zaidi ya hapo kwa simiti ya pozolana. Kwa jua letu, zege lililoachwa wazi hupoteza nguvu ambayo umekwisha kuilipia.

5. Kuhifadhi. Panga mifuko juu ya mbao, mbali na ukuta, mahali pakavu. Hewa ya pwani ina unyevu, hivyo nunua unachohitaji kwa kazi ya karibu. Simiti iliyokaa zaidi ya miezi 3 huanza kupoteza nguvu, na iliyoganda vibonge isitumike kwenye nguzo wala slabu.

6. Kiasi. Koroga kinachoweza kutumika ndani ya saa moja hivi. Mchanganyiko uliokwisha kuanza kushika haufufuliwi kwa kuongeza maji.

Pale panapofaa, fikiria pia vifaa vinavyotumia simiti kidogo. Matofali ya udongo ya kufungamana yanayoshindiliwa kwa mashine huhitaji simiti kiasi kidogo tu, na kwa kuwa yanashikana yenyewe, ukuta hauhitaji udongo wa simiti katika kila mstari. Jiwe la matumbawe lililokatwa vizuri nalo lingali na nafasi yake. Mfanyakazi anayefungua mifuko avae barakoa na glavu, kwani vumbi la simiti huchoma ngozi na kuumiza mapafu.

TIMBO LIKIISHA, NINI KINABAKI?

Gesi ya kaboni haionekani. Anayeishi karibu na timbo huona mambo mengine: vumbi juu ya paa na kwenye maji ya kuvuna, mtikisiko wa baruti, malori, na shimo linalobaki jiwe likiisha. Vumbi hupunguzwa kwa kunyunyizia barabara maji, kufunika malori, kufungia mikanda ya kubebea mawe, na kuweka vichujio kwenye dohani za tanuri. Hakuna hata moja kati ya hizo lililo jambo geni kwa wenye viwanda.

Shimo nalo lina dawa, na mfano wake uko kwa jirani zetu wa Mombasa. Kiwanda cha Bamburi kilianza kutengeneza simiti miaka ya 1950, na kufikia 1971 kilikuwa kimeacha uwanda mkubwa wa mawe matupu, wenye jua kali na maji ya chumvi chini yake. Mwaka huo, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kujaribu aina 26 za miti. Nyingi zilikufa. Mvinje, mti ambao wakulima wetu wengi wanaupanda kwa ajili ya fito na boriti, ulimea.

Tatizo likawa majani yake, ambayo yalianguka lakini hayakuoza, kwa hiyo udongo haukujengeka. Suluhisho lilikuwa jongoo. Jongoo wekundu walipoletwa kwa wingi, walikula majani hayo na kuyageuza kuwa mbolea. Udongo ukazaliwa, miti mingine ikafuata, kisha ndege na wanyama. Mwaka 1987, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilimweka Haller katika orodha yake ya heshima ya Global 500. Timbo hilo leo ni Haller Park, na wengi watakumbuka kwamba Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, alipelekwa huko na kufanya urafiki na kobe mzee.

Mfano huo unatufundisha mambo mawili. Timbo linaweza kurudishiwa uhai, lakini kazi hiyo huchukua miaka mingi na hutaka mtu wa kuisimamia. Ndiyo maana mpango wa kurekebisha ardhi unapaswa kujulikana kabla ya jiwe la kwanza kuchimbwa, si baada ya mwekezaji kuondoka. Na zipo sehemu ambazo hazina badala yake. Misitu ya kaya za Mijikenda, iliyoingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, haiwezi kupandwa upya kwa mvinje na jongoo.

HAKI YAKO NA MAHALI PA KUANZIA

Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani haki hiyo inapotishiwa, bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye binafsi amepata hasara. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti jukumu la kudhibiti uchafuzi wa hewa na kelele. Leseni za mazingira hutolewa na NEMA.

Kabla ya timbo kubwa au kiwanda kuanza, lazima kuwe na tathmini ya athari kwa mazingira. NEMA hutangaza ripoti hiyo na kualika maoni ya wananchi, mara nyingi kwa muda wa siku 30. Kaa macho usipitwe na siku hizo. Uliza maswali haya: Vumbi litapimwa wapi, na nani ataona matokeo? Malori yatapita barabara gani na saa ngapi? Maji yatatoka wapi? Ardhi itarudishwaje, na kwa pesa zipi? Sheria ya Madini ya 2016 inaruhusu mwenye leseni adaiwe dhamana ya mazingira kwa ajili hiyo. Sheria hiyohiyo inagawa mrabaha wa madini hivi: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya eneo la uchimbaji.

Ukiwa na malalamiko, andika tarehe, saa na ulichokiona, piga picha ukiweza, na uanzie katika ofisi ya msimamizi wa wadi au idara ya mazingira ya kaunti. Maelezo yenye tarehe humsaidia mkaguzi kuliko kusema tu kwamba vumbi limezidi.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI, SHULENI NA KATIKA VIKUNDI

1. Kwa nini kubadilisha makaa ya mawe peke yake hakuwezi kumaliza gesi ya kaboni ya simiti?
2. Tafuta mfuko mtupu wa simiti. Ni CEM ya aina gani, na nguvu yake ni ngapi? Unafaa kazi gani?
3. Fundi anataka kutumia mchanga wa ufuoni kwa slabu kwa sababu ni wa bure. Utamweleza nini?
4. Je, kuna timbo lililoachwa katika wadi yenu? Linaweza kurudishiwa matumizi gani, na nani anapaswa kuanza kazi hiyo?

Vikundi vya vijana na shule zinazotaka kutembelewa na maafisa wa mazingira kwa ajili ya somo hili wanaweza kuwasilisha ombi katika ofisi ya wadi yao.